Rubani wa kwenye kiti: kwa nini nasema Wahandisi hawakumuumba zenomofu, na David hakumuumba pia

Wakuu,

Uzi huu ni mrefu, na ni wa wale waliokwisha kuziangalia muvi za Alien kuanzia ile ya 1979 hadi Romulus ya 2024. Nitataja nani kafa, kafaje na nani kabaki. Kama bado hujaziona, uweke kiporo, kaangalie kwanza, halafu urudi tubishane.

Hoja yangu ni moja. Kwa miaka mingi mashabiki tumegombana juu ya nani aliyemtengeneza zenomofu, yule mnyama muuaji wa muvi hizi. Upande mmoja unasema ni Wahandisi, yale majitu meupe ya Prometheus. Upande wa pili unasema ni David, roboti mwenye sura ya mtu. Mimi nasema wote wawili walimkuta. Wahandisi walimkuta zamani mno, wakamwabudu, wakajifunza kumkamua, na ule ute mweusi tunaouita silaha yao walimkamua yeye. David alikuja mwisho kabisa wa foleni hiyo, akarudia kilichokwisha kuwapo, akajiita muumba. Ushahidi uko ndani ya muvi zenyewe, kwa hiyo tusiandikie mate na wino upo.

KITI CHA 1979

Dallas, Kane na Lambert, wafanyakazi wa meli ya Nostromo, wanaingia kwenye chombo kilichotelekezwa. Kuta zake zimekaa kama mbavu. Wanapanda hadi ukumbi mkubwa wenye giza, na katikati pana jukwaa la duara. Juu ya jukwaa kuna jitu, ambalo mashabiki tunaliita Rubani, limelala chali kwenye kiti, mbele yake mtambo mrefu ambao waweza kuwa mzinga au darubini, hatuambiwi. Kutoka usoni linashuka bomba lenye umbo la mkonga mpaka kifuani. Simamisha picha hapo utazame pale mwili unapogusa kiti: huoni mpaka. Mbavu zinaingia kwenye mtambo, au mtambo unaingia kwenye mbavu. Dallas anaona kwamba limekufa siku nyingi, limegeuka jiwe, kana kwamba limeota kutoka kwenye kiti. Kisha wanaliona tundu la kifuani, mifupa imepinda kuelekea nje.

Basi. Hatukupewa jina lake, asili yake wala maelezo yoyote. Kinachobaki ni ishara tu: kule kwenye Nostromo, Ripley, mwenzao aliyebaki, anaichambua ile sauti iliyowaita na kuona kwamba inafanana zaidi na onyo kuliko wito wa msaada. Wakati huo wenzake wameshaingia ndani.

Kazi ile ilichorwa na kuchongwa na H. R. Giger, msanii wa Uswisi, kwenye studio za Shepperton huko Uingereza. Wenye fedha walitaka onyesho hilo liondolewe, kwa kuwa kujenga kitu kikubwa namna ile kwa ajili ya dakika chache kulikuwa ghali. Lingeondolewa, nusu ya nadharia zetu zisingezaliwa. Na ili jitu lionekane kubwa zaidi, Ridley Scott aliwavisha watoto wake mavazi madogo ya wanaanga, akawasimamisha pembeni ya kiti kwenye picha za mbali. Lishikeni hili la watoto, nalirudia hivi punde.

Kwa miaka 33 hakuna muvi iliyomgusa tena huyu Rubani kwa maelezo. Mashabiki wakajaza wenyewe. Wapo waliosema alikuwa mchukuzi wa mizigo aliyepata ajali. Wapo waliosema ni mwanajeshi aliyebeba mayai ya zenomofu kama mabomu ya kudondosha kwenye sayari za adui. Mimi kipindi hicho chote nilimpenda kwa sababu moja, ambayo bado naishikilia: huyu alikuwa anakufa, anajua anakufa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuwaambia wengine wasikaribie.

SUALA LA UKUBWA

Mwaka 2012 ikaja Prometheus, iliyoandikwa na Jon Spaihts na Damon Lindelof. Tukaambiwa ule mkonga ni kofia ya kuvaa, na ndani yake kuna jitu jeupe lisilo na nywele, lenye mwili kama wetu ila limetupita kimo. Wengi waliumia sana, na mimi nawaelewa. Kitu kilichokuwa kigeni kabisa kiligeuzwa kuwa mtu mrefu mwenye misuli.

Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia ya viumbe wawili: kwamba Rubani wa 1979 si Mhandisi, ni wa jamii nyingine iliyowatangulia, na Wahandisi walimwiga mavazi na vyombo. Wenye nadharia hii wana kitu mkononi. Mhandisi aliyeamka mwaka 2093 anawazidi watu kimo, ila bado anapigana nao ana kwa ana chumba kimoja. Rubani, hata akiwa amelala, anawafanya watu wazima waonekane wadogo sana. Ndiyo, tunajua ile ilikuwa hila ya watoto ndani ya mavazi. Lakini kilicho kwenye skrini ndicho kilichotokea katika ulimwengu wa hadithi, na ulimwengu huo haujui kama Scott alikuwa na watoto studio.

Kabla hatujaenda mbali, nisahihishe jambo linalovuruga mijadala kila mara. Kiti cha Prometheus na kiti cha Alien ni viwili tofauti. Prometheus inatokea kwenye mwezi wa LV-223, Alien kwenye mwezi wa LV-426. Mhandisi aliyekufa mwishoni mwa Prometheus hakufia kwenye kiti. Alifia kwenye sehemu ya kuishi ya Vickers, msimamizi wa msafara wa Prometheus, iliyotenganishwa na meli. Kwa hiyo huyo hawezi kuwa yule Rubani tunayemzungumzia. Mtu akikwambia Prometheus imeonyesha jinsi Rubani alivyokufa, mwambie akaiangalie tena.

Mimi nadharia ya viumbe wawili sijaipokea yote. Naona Rubani ni wa ukoo wa Wahandisi, ila wa zama za kale zaidi, pengine wakati miili yao ilikuwa bado inaungwa moja kwa moja na vyombo vyao. Muvi ya 2017, Covenant, inatupa sababu ya kufikiri hivyo: wale wakazi wa Sayari ya 4 ambao David anawamwagia ute mweusi ni wadogo kuliko Wahandisi wa LV-223, na hata mavazi yao ni mengine kabisa. Kwa hiyo jamii hiyo ina matawi. Matawi huhitaji muda mrefu.

HESABU YA MIAKA

Sasa tuje kwa David, maana hapa ndipo pana utamu.

Meli ya Prometheus inafika LV-223 mwaka 2093. Covenant inatokea 2104, na humo tunamkuta David na mayai yake. Nostromo inatua LV-426 mwaka 2122. Kati ya mayai ya David na Nostromo kuna miaka 18. Ndani ya miaka 18 tunatakiwa tuamini kwamba David alitoka, akapata chombo cha Wahandisi, akapata na Mhandisi wa kukiendesha, akajaza ghala zima la mayai, chombo kikaanguka, na mwili wa rubani ukageuka jiwe mpaka Dallas akaona ni wa zamani sana. Visukuku havitokei kwa miaka 18. Hata ukisema lile ni vazi lililokauka tu, bado vumbi na uchakavu wa chombo kile vinaongea lugha ya karne nyingi.

Na kuna ushahidi ambao watu wengi wanaupita bila kuuona. Ndani ya handaki la LV-223, Fifield na Millburn, wanasayansi wa msafara wa Prometheus, wanakuta rundo la maiti za Wahandisi, na mmoja wa waliokufa amefunguka kama aliyelipuka kutoka ndani. Wahandisi wa mahali pale walikufa miaka 2,000 hivi iliyopita. Kichwa kimoja kilipimwa. Kwa hiyo miaka 2,000 kabla David hajaundwa, tayari kuna kitu kinachotoka vifuani mwa Wahandisi. Kiiteni jina lolote, ila David hana mkono pale.

UKUTA

Kwenye ukumbi wa LV-223 wenye mitungi ya ute mweusi, ule wenye kichwa kikubwa cha jiwe, kuna mchongo ukutani. Ni umbo lenye kichwa kirefu kilichorudi nyuma, mikono imetanda pande zote mbili, limekaa kama limetundikwa. Chini yake kuna jiwe la kijani limewekwa kama kwenye madhabahu. Kamera inalipita haraka, lakini ukilitazama vizuri unamwona zenomofu, au ndugu yake wa damu.

Nauliza kwa dhati: mtu anachonga nini ukutani mwa chumba chake kitakatifu? Fundi hachongi silaha aliyoitengeneza juzi akaiwekea madhabahu. Pale panawekwa kitu unachokiheshimu kuliko nafsi yako. Mchongo ule unaniambia Wahandisi walikuwa wanamtazama mnyama yule kwa kuinua macho.

UTE UNA KUMBUKUMBU

Fuateni mnyororo wa Prometheus hatua kwa hatua. David anamnywesha Holloway, mwanasayansi wa msafara, tone la ute. Holloway analala na mpenzi wake, Shaw. Shaw anapata mimba ya kitu chenye mikono ya pweza, anakitoa kwa mashine ya upasuaji. Kitu kile kinakua, kinamkamata Mhandisi, na kutoka kifuani mwa Mhandisi kinatoka kiumbe chenye kichwa kirefu na taya ya pili ndani ya taya. Hakuna mtu aliyepanga umbo lile. David alitia tone moja tu na hakujua litakwenda wapi. Ute ulipita miili mitatu tofauti, na mwisho wake ukaishia kwenye sura ileile iliyochongwa ukutani. Kitu kinachorudi kwenye sura moja bila mchoraji kina kumbukumbu ya hiyo sura.

Halafu Romulus ikaja kunipa nilichokuwa nakitafuta. Inatokea mwaka 2142, ndani ya kituo ambacho kampuni ya Weyland-Yutani ilimpeleka zenomofu aliyepatikana kwenye mabaki ya Nostromo. Wanasayansi wa kampuni wakatoa nini ndani ya wale vidudu wanaorukia uso? Ute mweusi. Uleule. Kumbe ute na mnyama ni kitu kimoja, na njia inaweza kwenda kinyume na tulivyozoea kuamini: tulidhani ute huzaa mnyama, sasa tunaona mnyama hutoa ute. Na Kay, mmoja wa vijana walioingia kituoni, alipojidunga ute ule akiwa mjamzito, alizaa kiumbe chenye sura ya Mhandisi. Sijawahi kuona kidokezo kikubwa kuliko hicho katika mfululizo wote. Ute unabeba mihuri miwili, wa mnyama na wa Mhandisi. Kwangu hiyo ina maana Wahandisi wenyewe wametokana na ute huo, au waliunywa vizazi vingi mpaka ukaandika sura yao.

Wakosoaji watasema muvi ya Covenant ilikusudia wazi kabisa kwamba David ndiye muumba. Michoro yake ipo, mwili wa Shaw upo, mayai yapo. Nakubali Scott alitaka tuone hivyo. Lakini muvi hiyohiyo imetuachia ufunguo. David anasoma mistari ya shairi la Ozymandias na kusema ni la Byron. Walter, ndugu yake wa chuma, anamsahihisha: ni la Shelley. Na kweli ni la Percy Bysshe Shelley, lilitoka mwaka 1818. Yaani waandishi walikuwa na makosa yote ya dunia ya kumpa David, wakachagua kosa la kutojua kazi ni ya nani. Kisha wanatutaka tumwamini anaposimama mbele ya mayai na kusema ni kazi yake? Mimi siamini. David ni mnakili mwenye kipaji kikubwa. Alichukua ute wenye kumbukumbu ya mnyama, akausukuma kidogo kidogo mpaka ukarudi ulikotoka.

MBONA SASA WALITAKA KUTUUA?

Prometheus inaonyesha Wahandisi wa LV-223 walikusudia kuja duniani kutuangamiza kwa ute wao. Nadharia maarufu ya kwa nini ni ya Yesu. Miaka 2,000 inaangukia karibu na wakati huo, na wengi wanasema Mhandisi mmoja alitumwa duniani, tukamsulubisha, wakakasirika. Scott mwenyewe amewahi kueleza kwenye mahojiano kwamba wazo hilo walilifikiria wakaliacha kwa kuwa lilikuwa la moja kwa moja mno. Nami nashukuru waliliacha. Linawafanya viumbe wa kale kuwa watu wenye hasira za kibinadamu, na linaacha kueleza kwa nini waliokufa ni wao.

Mimi naona pale kulikuwa na ibada iliyogeuka kiwanda. Onyesho la kwanza kabisa la Prometheus, lililopigwa kwenye maporomoko ya Dettifoss huko Iceland, linaonyesha Mhandisi mmoja akinywa kikombe kidogo kwa unyenyekevu, mwili wake unasambaratika, vinasaba vyake vinaingia majini. Tone kidogo, mtu mmoja anayejitoa. LV-223 ni maelfu ya mitungi kwenye safu. Ni ute uleule ila moyo umebadilika. Waliokichukua kitu kitakatifu wakakijaza kwenye mitungi ndio waliokutwa wamerundikana mlangoni.

Hapo kwenye vinasaba niseme kidogo, maana huwa linapuuzwa. Wazo la uhai kupandwa duniani kwa makusudi lilijadiliwa na wanasayansi wa kweli, Francis Crick na Leslie Orgel, mwaka 1973. Ila wao walizungumzia vijidudu. Muvi inasema vinasaba vya Mhandisi vinalingana na vyetu, na hapo pana tatizo, kwa sababu sisi na sokwe tunashiriki karibu asilimia 99 ya vinasaba, na sokwe na viumbe wengine wote wana ukoo mmoja nasi. Mbegu iliyomwagwa mtoni mabilioni ya miaka iliyopita haiwezi kulenga sura ya mtu peke yake. Kwa nadharia yangu linatatulika: ute una kumbukumbu, kwa hiyo mbegu ilikuwa inajivuta kuelekea sura ya Mhandisi muda wote, kama ilivyojivuta kwa Kay.

Na tafadhali, haya yabaki kwenye muvi. Scott alichota pia kwa Erich von Däniken, ambaye tangu 1968 alisambaza hoja kwamba wageni kutoka angani ndio waliowafundisha watu wa kale. Kwenye hadithi wazo hilo ni tamu. Kwenye historia linawanyang'anya watu jasho lao. Vijiji vya wafanyakazi wa piramidi vimefukuliwa Giza, na kule Wadi al-Jarf yamepatikana mafunjo ya Merer, msimamizi aliyeandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua. Nawapenda Wahandisi kwa moyo wote, lakini piramidi ni ya Merer na wenzake.

GHALA LA MAYAI

Narudi kwa Rubani. Mayai ya kwenye chombo chake hayakutagwa ovyo. Yako kwenye ghala refu, yamepangwa, yamefunikwa na tabaka la ukungu wa bluu linalolia Kane anapolivunja. (Mwanga ule wa leza waliuazima kwa bendi ya The Who, iliyokuwa ikijaribu vifaa vyake studio hiyohiyo.) Ukungu unaotoa sauti ukiguswa ni mlinzi. Kitu kilichowekewa mlinzi ni shehena.

Shehena ya kwenda wapi? LV-426 na LV-223 ziko kwenye mfumo uleule wa Zeta Reticuli, miaka ya nuru 39 hivi kutoka kwetu. Kiwanda cha mitungi kiko jirani. Kama Weyland-Yutani waliweza kuukamua ute kutoka kwa vidudu vya kwenye mayai, Wahandisi walishindwa nini? Kwangu chombo kile kilikuwa kinapeleka malighafi kiwandani. Mzigo mmoja ukafunguka njiani, Rubani akapata abiria kifuani, akatua mahali pasipo na mtu na kuwasha onyo.

Onyo hilo lina swali lake la muda mrefu: kama lilikuwa linalia, kwa nini wakazi wa Hadley's Hope, koloni la baadaye la LV-426, waliishi palepale kwa miaka bila kulisikia? Gemu ya Alien: Isolation ya 2014 imelijibu vizuri: Marlow, nahodha wa meli nyingine, na wenzake walikifikia chombo kile na kuizima ile ishara. Najua wapo wasiohesabu magemu. Mimi nalihesabu, kwa sababu jibu linakaa sawasawa na halivunji kitu.

Mtu atauliza: kama hakuna aliyemuumba mnyama, ametoka wapi? Ametoka alikotoka kila mnyama. Nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi walio hai wapo hapa duniani, mabuu yao hula kiwavi kwa ndani na kutoboa kutoka nje, na hakuna maabara iliyowapanga. Darwin aliwataja mwaka 1860 kwenye barua kwa Asa Gray, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwakusudia. Mwaka 2018 wanasayansi wa Australia walimpa nyigu mmoja wa aina hiyo jina Dolichogenidea xenomorph. Mnyama wa namna hiyo anawezekana bila fundi, na mimi namwogopa zaidi akiwa hana fundi.

Kuna mawili sijayaona yakielezwa vizuri na upande wowote. La kwanza ni lile jiwe la kijani kwenye madhabahu: ni la nini, na kwa nini liko chini ya mchongo wa mnyama? La pili ni yule aliyetoka kifuani mwa Rubani. Dallas, Kane na Lambert hawakumwona, wala hatuonyeshwi mzoga wake. Kama alikuwa malkia, mayai yangetapakaa chombo kizima badala ya kukaa ghalani. Kama alikuwa dume wa kawaida, alikwenda wapi kwenye mwezi usio na kitu cha kula? Mwenye picha, kipande cha muvi au mstari wowote rasmi unaogusa hayo mawili auweke hapa chini, hata kama unanipinga.